Mgeni wa Fintan Delahunty

Nyumbani kwa Fintan Delahunty kuna kiti kimoja tu cha maana, nacho hukaliwa na mbwa. Mwenyewe hukaa kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe, magoti yakikaribia kidevu, na ukimwambia amteremshe mbwa akae yeye, hukutazama kana kwamba umemwambia amtoe padri kanisani kwa teke. "Huyu ni mgeni, Concepta," husema. "Mgeni hateremshwi."

Na kweli huwa ni wageni. Fintan hulea mbwa wasio na mtu: seta, wale mbwa wa kuwinda ndege wenye manyoya marefu na macho ya huzuni, waliotupwa, waliopotea au waliochokwa na wenyewe. Chama cha kuokoa mbwa humletea, yeye huwalisha na kuwatoa kupe na hofu, mpaka apatikane mtu wa kuwachukua moja kwa moja. Akiondoka mmoja huja mwingine. Hawapi majina. Wote huwaita Mgeni, awe dume awe jike, ili siku ya kuagana, asema yeye, asiwe anaagana na mtu anayemjua. Kati ya mlango wangu na wake kuna shamba moja tu, kwa hiyo naweza kuwaambieni kwamba kila gari linapoondoka na huyo asiyemjua, Fintan huenda bandani akakaa huko mpaka macho yakauke.

Kazi ya seta ameirithi. Baba yake, Kit Delahunty, alikuwa mfunzi wa mbwa hapa kwetu chini ya milima ya Slieve Bloom, enzi zile milima ilikuwa bado na kwale. Agosti ikiingia, mabwana walikuja na bunduki zao, Kit akawapandisha mlimani, na sisi watoto nyuma na vikapu vya mikate. Alikuwa na jike mmoja mwekundu, Juno. Juno alikuwa akikata upepo kulia na kushoto kama mama anayefagia uwanja, halafu ghafla anasimama. Kisha anashuka chini polepole, tumbo linagusa maua ya mlimani ya rangi ya zambarau, pua mbele, mkia umenyooka, na hapo haondoki hata akimwagiwa maji. Ndege yuko palepale mbele yake. Na kila Juno alipolala hivyo, Kit alikuwa anavua kofia. Hakuna aliyejua kwa nini, wala hakuna aliyeuliza. Nikifumba macho hata leo nanusa mkate wa kikapuni na moshi wa tumbaku ya Kit, na naona kipara chake kiking'aa juani mlima mzima ukiwa kimya.

Serikali ikaja ikapanda misonobari mlimani, kwale wakahama, bunduki zikahama na kwale. Kit akafa. Filimbi yake ya pembe, aliyokuwa akiwaitia mbwa, ikabaki imening'inia kwenye msumari karibu na meko, na alama za meno yake bado zipo.

Siku zile za mlimani, aliyekuwa akitembea karibu na Fintan ni dada yangu Dympna. Mimi nilikuwa mdogo, mwenye kikapu na mwenye macho. Kila mtu alijua kwamba wale wawili wataoana, isipokuwa wao wenyewe. Dympna akaenda Birmingham kusomea uuguzi, akakaa miaka kadhaa, akarudi majira ya joto na viatu vyekundu na ruhusa ya kuhamia Perth, Australia. Jioni moja walikuwa kinamasini wakigeuzageuza vipande vya udongo tunavyochoma badala ya kuni, ili vikauke kabla ya baridi. Akamwuliza: "Fintan, utakuja nami?" Naye akamjibu: "Aa, hapana. Ningekuwa mzigo tu kwako."

Maneno hayo nayajua kwa sababu Dympna aliyarudia jikoni kwetu huku akikata vitunguu, ili tuseme ni vitunguu.

Alipokuwa anaondoka, mnajua nani alikuja kumbebea sanduku? Fintan. Alikuja amevaa suti, jua la Agosti, shingo imefungwa tai kama bwana harusi. Akaliweka sanduku begani, akalipeleka mpaka kituo cha basi pale njia panda, taratibu kama mtu anayebeba jeneza, bila kusema neno. Mimi nilifuata nyuma nikimlaani kila hatua. Mwanamume gani huyu, anamkataa msichana halafu anavaa suti kuja kumsindikiza! Nilidhani anatudhihaki. Mama yangu alisema heri angemkataa kwa matusi, na mimi nikaliweka neno hilo moyoni, likakaa.

Dympna aliolewa Perth na mchimba visima, akazaa wavulana ambao pua zao haziishi kuungua na jua, akazikwa hukohuko. Fintan hakuoa. Mimi niliolewa shamba la pili, nikafiwa, na miaka ikaenda mpaka nikajikuta nampelekea Fintan jamu. Jirani ni jirani. Lakini lile sanduku nilikuwa sijalisamehe.

Sasa nije kwa Mgeni huyu.

Aliletwa mwezi wa Machi na Hanneke, ambaye ndiye mkuu wa kile chama huku kwetu. Hanneke ni Mholanzi, anafuga mbuzi upande wa pili wa mlima. Ni mwema, mchapakazi, na mkweli kupita kiasi. Mara ya kwanza alipokuja kwa Fintan alileta keki ya matofaa. Akamwuliza kama atakula kipande. Fintan akasema, "Aa, hapana, usijisumbue." Hanneke akasema sawa, akaifunga keki akaondoka nayo. Fintan alikuja kwangu mbio kama nyumba inawaka moto.

"Concepta, ameirudisha kwenye boksi!"

"Si umemwambia hutaki?"

"Nimemwambia mara moja!"

Kwetu mtu hukataa mara mbili, ya tatu hukubali. Ndivyo tulivyolelewa. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na asiyeuliza mara ya tatu ni mchoyo. Hata mtoto wa chekechea anajua. Hanneke hakujua, na hakuna aliyemfundisha, kwa sababu kumfundisha kungekuwa ni kuomba keki.

Basi, mbwa mwenyewe alikuwa jike, mwekundu wa kutu. Alikutwa kwenye barabara ya msituni, mbavu nje, kipande cha kamba shingoni. Mlango ukibamizwa na upepo, yuko chini ya meza anatetemeka. Tukajua hapo hapo: anaogopa bunduki, na mwenyewe alipoona hamfai kuwinda akamtupa. Fintan hakumlaani mtu. Alisogeza kigoda chake karibu na meza, akawa anakula hapo, akidondosha vipande vya nyama kama mzee aliyepoteza shabaha ya mdomo. Wiki baada ya wiki ilionekana pua, kisha kichwa, kisha siku moja nikaingia nikamkuta kitini, miguu juu, anakoroma.

Asubuhi moja ya Aprili nilikuwa naanika nguo. Fintan alikuwa shambani, mbwa mbele yake akikata upepo kulia na kushoto. Nikaacha shuka mkononi. Mbwa alisimama. Akashuka polepole, tumbo likagusa majani, pua mbele, mkia umenyooka. Fintan akasimama naye. Halafu akavua kofia, na kofia ile huvuliwa kanisani na kitandani tu. Manyunyu yalikuwa yanamwagikia kipara, na kilikuwa kipara kilekile cha Kit. Nililia nikiwa nimekumbatia shuka la maji. Milima ile, mikate ile, dada yangu na nywele zake upepo ukizivuruga, vyote vilinijia kwa mpigo.

Akaja mpaka kwenye ukuta wa mawe. "Umeona, Concepta?"

"Nimeona."

"Amelala kama Juno."

"Nimeona, Fintan. Vaa kofia, utapata mafua."

Tangu siku ile aliendelea kumwita Mgeni, lakini kwa sauti nyingine. Aliitoa filimbi ya baba yake msumarini, akaisafisha kwa siki. Alipopita njiani alikuwa akimweleza mbwa mambo: shamba hili lilikuwa la nani, daraja lile lilivunjika lini. Mimi hajawahi kunieleza kitu. Tuna msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa ameshapewa jembe, shamba na ufunguo wa nyumba. Nikajisemea, huyu haendi popote.

Halafu jioni moja ya Mei nikamwona Fintan ukutani, amekunja uso.

"Hanneke alikuja," akasema.

"Ehe."

"Ameniuliza kama nataka kubaki na Mgeni."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia aa, hapana, mimi ni mzee, anastahili watu wenye nguvu."

"Fintan!"

"Nikangoja. Akasema sawa, akamalizia chai yake." Akang'oa kuvu kwenye jiwe, akaisaga kwa vidole. "Kuna mume na mke wa huko Cork. Wameona picha yake. Wanakuja Jumamosi."

"Na wewe umekaa kimya?"

"Hakuniuliza tena, Concepta."

"Basi mpigie simu umwambie unamtaka!"

"Siwezi kumpigia mtu simu eti kumwambia nataka kitu."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mgongo wangu hauinami," akasema, akageuka akaenda zake, mbwa nyuma yake. Mtu mkaidi kama nguzo ya lango, na mabega yameshuka hivi.

Nikampigia Hanneke mimi.

"Lakini nilimwuliza," akasema. "Akasema hapana. Hapana ni hapana, Concepta."

"Kwenu Uholanzi. Huku swali ni kama hodi, hupigwa mara tatu."

"Kwa hiyo ile keki..."

"Ameililia keki ile mpaka leo."

"Mungu wangu! Na padri? Nilimpa mbuzi, akakataa."

"Padri hakutaka mbuzi."

"Sasa nitajuaje?"

"Uliza tena, dada yangu. Uliza tena tu."

Akavuta pumzi. Alisema watu wa Cork wameshaahidiwa, wamehojiwa, wamenunua mpaka kitanda cha mbwa. Hawezi kuwageuzia uso. Lakini akaahidi atauliza. Jumamosi, mbele ya wote, ili mambo yawe wazi. Nikataka kumwambia kwamba mbele ya wote ndipo mahali pabaya kuliko pote, ila alikuwa ameshakata simu.

Jumamosi nikaenda kwa Fintan na mkate wa magadi. Nilimkuta amenyoa, amevaa suti ya mazishi. Mbwa alikuwa amechanwa manyoya mpaka anameremeta. Karibu na mlango kulikuwa na mfuko: blanketi, bakuli, na juu yake filimbi ya Kit. Nilipoiona nikaweka mkate mezani na kutoka nje kidogo.

Wageni wakafika na Hanneke. Mke, Noreen Twomey, alikuwa mnene mchangamfu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Mume, Colm, alikuwa mrefu, na mkononi alishika ukanda mpya wa kumfungia mbwa, kama mtu aliyekuja kanisani na pete.

"Mtakunywa chai," akasema Fintan.

"Aa, hapana, tulikunywa njiani," akasema Noreen.

"Kikombe kidogo tu."

"Usihangaike, jamani."

"Maji yameshachemka."

"Basi tone tu, kama yameshachemka."

Hanneke alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama mtazamaji wa mpira, na niliona midomo yake ikihesabu.

Tukanywa. Tukasifu mkate. Tukaongea hali ya hewa mpaka ikaisha. Halafu Hanneke akaweka kikombe chini, uso umemwiva. "Fintan, nakuuliza tena. Unataka kubaki na mbwa huyu?"

Jamani! Colm wa watu ana kikombe mkononi na ukanda magotini, nani angesema ndiyo? Fintan alitazama soksi zake. "Aa, hapana," akasema. "Watu wametoka mbali. Wamenunua kitanda."

Hanneke akanigeukia kwa macho ya kusema, unaona? Nikamkanyaga mguu chini ya meza ili aulize tena, akadhani ni bahati mbaya, akaniomba radhi. Mara mbili zilikuwa zimemmaliza. Na mimi nisingeweza. Swali la jirani halihesabiki, kwa sababu si jirani anayetoa.

Colm akasimama. "Haya, twende msichana," akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Mbwa akamtazama Fintan. Fintan akatikisa kichwa kuelekea mlangoni. Mbwa akateremka kitini, akaenda, mkia chini, akasimama afungwe ukanda. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa na adabu kama mlezi wake.

Fintan akamkabidhi Noreen mfuko. "Blanketi lake hilo. Bakuli. Na filimbi hii, huisikia hata akiwa ng'ambo ya mto. Pulizeni polepole. Vishindo vinamtisha."

Noreen akaitoa filimbi. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye alama za meno.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Na unatupa sisi."

"Ni ya mbwa sasa," akasema Fintan.

Noreen akarudi akakaa, na koti lake mwilini. "Keti, Colm."

"Lakini tumeshasi..."

"Keti." Akaiweka filimbi mezani kati ya vikombe. "Bwana Fintan, mimi nimelelewa na bibi yangu, kule Kerry. Nilikuwa na kiu tangu Cashel, na bado nimekataa chai yako mara mbili. Huyu mama amekuuliza mara mbili. Mimi nakuuliza ya tatu. Unamtaka mbwa huyu?"

Fintan akafungua kinywa, akakifunga. Masikio yalimwiva. Nilidhani atakufa kikondoo palepale, suti ya mazishi anayo tayari. Nikamwomba Mungu, na Kit, na Juno kama mbwa huombwa.

"Kama haitawaudhi sana," akasema, kwa sauti ya mtoto anayeungama, "ningependa abaki."

"Tumenunua kitanda!" akasema Colm.

"Utakilalia wewe," akasema Noreen.

Hanneke alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Tatu!" akasema. "Ni tatu kweli!" Akawaambia yuko dume mmoja Tipperary, amekaa muda mrefu bila kupata kwao, kelele nyingi, anakula viatu. Noreen akasema huyo ndiye wao, Colm ana viatu vingi kuliko akili. Colm mwenyewe alipiga magoti kumfungua mbwa ukanda, akamkuna masikio kwanza, na nikaona imemgharimu. Wakaondoka na kitanda chao garini. Noreen alimpungia Fintan mkono mpaka walipopinda kona.

Nikabaki kuosha vyombo. Fintan alikuwa akifuta. Mgeni alikuwa ameshapanda kitini, amejiviringisha, pua chini ya mkia.

"Sasa utampa jina gani?" nikamwuliza. "Ukimwita Dympna nakupiga na sufuria."

Hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kile kimoja, akikifuta na kukifuta.

"Dympna aliniuliza mara moja tu," akasema.

Nikaacha kusugua.

"Nilisema hapana, nikangoja. Siku zote zile nikangoja. Nikajua ataniuliza tena njiani, tukienda kwenye basi. Nilivaa suti. Nilitembea polepole kadiri nilivyoweza, lakini lile sanduku lilikuwa zito, Concepta... aliweka nini mle ndani?"

"Vitabu," nikasema. "Vya uuguzi."

"Aa. Nilidhani labda ni vitabu."

Kwa chai tunajua, kwa keki tunajua. Nani kati yetu alifikiri kwamba mtu angeweza kulijibu hivyo hata swali kama lile? Mama hakufikiri. Dympna alikuwa amesahau. Na mimi niliyefuata nyuma nikimlaani, niliyatazama mabega yake mwendo wote na sikuona kitu isipokuwa sanduku.

"Alikuwa amekaa Birmingham, Fintan," nikasema. "Kule huuliza mara moja."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuja kulifikiria hilo. Basi lilikuwa limeshapinda kona."

Nikalia, sikujificha. Nilimlilia dada yangu, aliyevuka bahari zote zile akiamini hakutakiwa. Fintan alinipa kitambaa cha vyombo, kilikuwa kimelowa, nikakitumia hivyohivyo. Kisha akatundika filimbi kwenye msumari wake, akaweka birika motoni, akaniuliza kama nitakunywa kikombe kingine.

Nikasema ndiyo. Alishtuka, akanitazama, kisha akanisogezea kigoda chake, na yeye akakaa sakafuni karibu na mbwa.